Siku Benchi la Bwera Liliponituma Ndani

Nilikwenda hospitali ya Bwera kumsindikiza baba mkwe wangu akapimwe tezi dume. Yeye alikutwa mzima kama chuma cha reli. Saratani ilikutwa kwangu.

Najua habari ya namna hii haisimuliwi kwa kicheko, lakini ilivyotokea ilitokea kwa kicheko, na mpaka leo tukiwa nyumbani Kasese, magharibi mwa Uganda, mtu akitaja tu neno benchi, watu wazima wanashika mbavu. Basi niipange vizuri, tangu mwanzo.

Baba mkwe ni sajini mstaafu. Kwao ni mashariki, upande wa Teso, lakini jeshi lilimzungusha nchi nzima na mwisho likamwacha Kasese. Alipostaafu alipanga nyumba karibu na kambi, ili kila asubuhi aisikie tarumbeta na kuwalaumu vijana wanaoipuliza. Nilipomuoa binti yake nilijaribu kumwita Baba, akanikatalia.

"Baba iko kwa kanisa," alisema. "Mimi iko Afande."

Tangu hapo ni Afande, hata kwenye ubatizo wa watoto wetu.

Mimi si mwanajeshi. Baba yangu alitoka magharibi mwa Kenya akaja kufanya kazi kwenye kiwanda cha saruji, nami nikazaliwa katika nyumba za wafanyakazi na kurithi vumbi. Kazi yangu iko maabara. Tunachukua saruji iliyosagwa, tunatengeneza vijitofali vya majaribio, tunavilaza majini, kisha tunavibana kwenye mashine mpaka vipasuke, tujue nguvu yake kabla mifuko haijaondoka. Nimepasua vijitofali tangu ujana. Mwili wangu mwenyewe, uliokwisha kuvuka miaka hamsini, sikuwahi kuupeleka mahali ukaguliwe bila kuuma.

Afande ana sheria moja iliyo juu ya sheria zote: hakuna kuingia mahali pageni bila "mutu ya mbele". Msituni, anasema, kila kikosi kilikuwa na askari mmoja anayetangulia kuikagua njia, na wengine hawasogei mpaka apunge mkono. Afande amestaafu, sheria haijastaafu. Hoteli mpya ikifunguliwa mjini, mimi ndiye ninayeonja mchuzi kwanza huku yeye amekunja mikono akiutazama uso wangu. Mafuriko yalipolichukua daraja la miti upande wa Kinyamaseke na watu wakajenga jingine, nilivuka peke yangu, nikarudi, ndipo akavuka. Kinyozi mpya alipohamia mtaani, kichwa changu ndicho kilichotangulia.

"Baba anakupenda," mke wangu huniambia.

"Anakipenda kichwa chake," humjibu.

Sasa, jambo la kupimwa lilianza kwa msiba. Afande alikuwa na rafiki, koplo mstaafu, aliyelalamikia mgongo kwa muda mrefu. Wote tulisema ni mizigo aliyobeba jeshini. Alichuliwa, akakandwa kwa maji moto, akalazwa kwenye godoro gumu. Alipofika hospitali ya misheni kule Kisinga, ugonjwa ulikwisha kutoka kwenye tezi na kuingia mifupani. Siku za mwisho alimshika Afande mkono akamwambia, "Sajini, mimi nilingoja mpaka iume. Wewe nenda kabla haijauma."

Tulipotoka kuzika, Afande alirudi nyumbani akaketi. Halafu akauliza, kwa uzito kabisa, kama koplo anaweza kumpa sajini amri.

Swali hilo lilijibiwa na mke wake kutoka jikoni. "Koplo hawezi," alisema mama mkwe. "Mimi naweza. Utakwenda."

Huyu mama lazima nimweleze. Yeye ni mtu wa desturi. Kwao mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani machoni wala hawasemezani ana kwa ana, na desturi hiyo ameibeba mpaka Kasese bila kuipunguza. Kwa miaka yote ya ndoa yangu hakuwahi kunisemesha. Tunaweza kukaa sebule moja, yeye ameelekea ukutani, mimi nimeelekea dirishani, na katikati yetu mke wangu akifanya kazi ya simu.

"Muulize mumeo kama chai imetosha."

"Mwambie Mama imetosha sana."

Mke wangu hata hageuki. Anakunywa chai yake tu, kwa sababu kila mtu amekwisha kusikia.

Basi amri ikatoka. Likabaki swali la wapi. Kasese Afande alikataa katakata.

"Kasese hapana! Kila nesi ya Kasese, mimi iliona yeye na kamasi. Leo yeye iseme, Mzee, toa suruali? Hapana!"

Redioni wakatangaza kwamba hospitali ya Bwera itakuwa na siku ya kuwapima wanaume wenye umri wa kuanzia miaka arobaini na kitu. Afande alichora mpango. Bwera ni mbali, ni mpakani, watu wanaongea Kiswahili cha Kongo, hakuna wa kumjua. Aliazima gari la jirani, mimi nikawa dereva. Alivaa koti refu, kofia pana na miwani myeusi. Bonde lilikuwa na joto la kuoka mkate, naye hakufungua kifungo hata kimoja. Kila tulipopita kizuizi cha polisi aliinama kana kwamba anatafutwa na serikali.

Tulifika, tukaelekezwa kwenye veranda ya nyuma. Palikuwa na benchi refu. Kwenye benchi walikaa wanaume wazee, wote wamevaa kofia pana, wote wana miwani myeusi, wote wanautazama ukuta wa mbele kana kwamba umeandikwa habari muhimu.

Afande aliketi mwishoni, naye akautazama ukuta.

 Kisha yule aliyekaa kando yake akashusha miwani yake kidogo puani.

"Sajini?"

Afande akashusha yake. "Koplo wa stoo?"

"Wewe iko hapa kufanya nini?"

"Mimi inasindikiza mukwe yangu," alisema Afande bila kupepesa. "Na wewe?"

"Mimi inangoja rafiki."

Mzee wa tatu akakohoa. Wa nne akavua kofia apate hewa, na hapo benchi zima likamjua: alikuwa luteni mstaafu, anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu. Kwa mazoea ya miaka, watu wote waliruka wakasimama sawa. Na kwa kusimama sawa walijifichua wote, kwa sababu raia hasimami vile. Wote walikuwa wastaafu wa Kasese. Wote walikuwa wamewakimbia manesi wa Kasese. Kila mmoja alikuwa ameichora Bwera kichwani mwake kama maficho yake peke yake.

Aliyeanza kucheka alikuwa inspekta mstaafu wa polisi, mtu mrefu mwenye sauti nyembamba. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Luteni akafuata. Afande alijaribu kujizuia, mabega yakamsaliti. Mlango ukafunguka, nesi akachungulia, mama mnene wa makamo aliyeshika glavu.

"Ba papa! Hii ni hospitali ao ni kilabu? Mutu wa kwanza ni nani?"

Kicheko kikakatika kama kimekatwa na panga.

Wakajipanga kwa vyeo, hilo halikuhitaji mjadala. Luteni akawa mbele. Akautazama mlango uliokuwa wazi. Akavuta pumzi. Kisha akageuka kwa heshima zote.

"Ofisa haingii bila taarifa," alisema.

Wote wakakubali kwamba hilo ni kweli. Ilihitajika taarifa. Macho yakaanza kutembea juu ya benchi, yakashuka vyeo, luteni, inspekta, sajini, koplo, yakaishiwa na vyeo, yakanifikia mimi niliyesimama pembeni na funguo za gari.

"Na huyu?" aliuliza inspekta.

"Huyu iko mukwe yangu," alisema Afande, na sauti yake ikajaa fahari. "Huyu iko mutu ya mbele."

"Afande, mimi nimekuja kusindikiza tu," nilisema. "Sina shida yoyote. Sijawahi kuumwa."

"Mimi hapana uliza kama uko na shida. Ingia, angalia, toka, sema."

Nilimgeukia nesi nikitegemea msaada. Akanipima kwa macho.

"Papa, uko na miaka ngapi?"

"Hamsini na miwili, Mama."

"Na hausikie kitu? Hakuna fasi inauma?"

"Hakuna kabisa."

"Benye habana shida njo benye tunatafuta," alisema, akaufungua mlango zaidi. "Benye kuumwa banakuyaka banyewe. Ingia."

Maana yake, wasio na shida ndio wanaowatafuta, kwa kuwa wanaoumwa huja wenyewe. Nikaingia.

Alinitoa damu kwanza, kwenye mkono, kama wanavyotoa ya malaria lakini nyingi zaidi kidogo. Ilikuwa ya kipimo kinachoitwa PSA. Kisha akaja daktari, mwanamke kijana aliyesema taratibu, akanieleza kila kitu kabla ya kukifanya. Tezi dume iko chini ya kibofu, alisema, na inaguswa kwa kupitia nyuma. Kidole kinaweza kugundua ugumu ambao damu haikuuonyesha, na damu inaweza kuonyesha jambo ambalo kidole hakikuligusa, ndiyo maana wanafanya vyote viwili. Aliuliza kama kwetu kuna baba au kaka aliyeugua. Nikasema sijui. Nililala kwa ubavu, magoti kifuani, nikitazama dirisha. Nje mbuzi alikuwa amesimama juu ya rundo la matofali akitafuna gunzi, akinitazama bila huruma. Kabla gunzi halijaisha, daktari alikuwa ananawa mikono.

"Tayari," alisema.

"Tayari?"

"Ulitaka zaidi?"

Nilitoka ninafunga mkanda. Benchi zima lilisimama.

"Ripoti!" alisema Afande.

Sijui nilipatwa na nini. Nilibana visigino, nikanyoosha mikono ubavuni. "Kwanza ni damu, mkononi. Pili, daktari anaikagua tezi kwa nyuma, kwa kidole."

Upepo ulipita kwenye benchi.

"Vidole vingapi?" aliuliza luteni.

"Kimoja, Afande. Ana glavu, na anapaka mafuta."

"Muda?"

"Kama kufunga kamba za buti moja."

"Maumivu?"

"Hakuna. Kuna aibu, nayo inaisha ukishavaa suruali."

"Daktari cheo gani?" aliuliza baba mkwe.

"Ni mwanamke, Afande."

 Wazee wawili walianza kutazama upande wa lango. Ndipo inspekta, kwa ile sauti yake nyembamba, akasema, "Mwanamke. Basi ana kidole chembamba. Hiyo ni taarifa njema kuliko zote."

Benchi likalipuka. Luteni alicheka huku amekwisha kupita mlangoni, na nadhani ndicho kilichomsaidia kupita. Waliingia wote, mmoja mmoja, kwa cheo, na kila aliyetoka alipigiwa saluti. Baba mkwe alitoka akitembea kwa mwendo wa gwaride.

"Bure kabisa," alitangaza. "Kinyozi yetu inaumiza zaidi."

Mchana tulikula pamoja karibu na soko, ugali wa muhogo, sombe, yaani kisamvu, na samaki wa Katwe, kofia zimelundikwa kwenye kiti kimoja na miwani juu yake. Wanawake waliokuwa wakipita na mizigo kuelekea Kongo walitutazama, wazee wazima wanaopigana makofi ya migongoni kama waliofaulu mtihani. Nilikuwa nao. Nilikuwa mwepesi kama mtu aliyelipiwa nauli ya maisha.

Wiki iliyofuata tulirudi kuchukua majibu. Safari hii hakuna aliyejificha. Walikodi gari moja wakaimba nyimbo za kambini njia nzima, nyingine ambazo siwezi kuziandika. Nesi aliwaita, wakaingia, wakatoka. Luteni, salama. Koplo wa stoo, salama. Inspekta aliambiwa tezi yake imevimba kwa uzee tu, si saratani, akapewa dawa, akatoka akitangaza kwamba sasa ana karatasi ya kuthibitisha uzee. Afande, salama. Nikaitwa mimi.

Daktari aliniomba niketi, kisha akafunga mlango. Kwa wengine hakuufunga.

Kiwango cha PSA kilikuwa juu. Alisema hiyo peke yake haithibitishi saratani, tezi inaweza kuwa na uvimbe wa kawaida au maambukizi, na kidole chake hakikugusa ugumu wowote. Lakini alitaka tuchunguze zaidi. Nilimshukuru. Nilitoka nje na wote walikuwa wamesimama, meno nje.

"Ripoti!"

"Yangu iko juu," nilisema.

Walicheka. Walicheka kwa nguvu kuliko siku ile ya kwanza, inspekta akajishikilia nguzo, kwa sababu kwao hayo ndiyo yalikuwa mazoea yangu, kusimama sawa na kusema jambo la kuchekesha. Na Mungu anajua, mimi nami nilicheka. Ilikuwa inachekesha. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na ni kwa machozi hayo baba mkwe alianza kuelewa. Alivua kofia.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

Njiani kurudi hakuna aliyeimba. Tulipokaribia Kisinga, Afande aligonga dashibodi kwa ngumi. "Adui ilipita benchi yote ya jeshi," alisema, amekasirika kweli, "ikashika raia!" Luteni, kutoka nyuma, akasema labda adui naye anafuata vyeo, anaanzia chini. Nani angeweza kujizuia? Gari liliyumba kwa kicheko na dereva akatuomba tunyamaze.

Vipande vidogo vya nyama ya tezi nilikwenda kutolewa Mbarara. Afande alinisindikiza, bila kofia, bila miwani, akijibu maswali niliyoulizwa mimi. Majibu yalichukua muda, na muda huo sitaueleza maana sikumbuki nilikula nini. Ninachokumbuka ni maneno yenyewe. Ni saratani. Ni ndogo, ya aina inayokwenda polepole, na inaonekana bado imo ndani ya tezi.

"Ungesubiri mpaka uumwe," daktari wa huko aliniambia, "leo tungekuwa na mazungumzo mengine."

Nilitoka nje na furaha ambayo sikujua pa kuiweka. Nilikuwa nimeambiwa nina saratani na nilitaka kumkumbatia mlinzi wa lango. Nilinunua fenesi kubwa kuliko mtoto wa darasa la kwanza, bila sababu yoyote, na Afande alilibeba begani mpaka kwenye basi bila kuniuliza.

Nyumbani habari ilitangulia kwa simu ya mke wangu. Nilipoketi sebuleni, mama mkwe aliingia na birika. Aliweka chai mezani, ameelekea ukutani kama siku zote. Nikasubiri amwambie binti yake aniulize jambo. Hakumwambia. Aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yangu alinitazama usoni.

"Mukwe," alisema. "Unakojoa vizuri?"

Nilisimama. Sijui kwa nini nilisimama.

"Vizuri, Mama."

"Kwa nguvu?"

"Kwa nguvu, Mama."

"Mungu asifiwe," alisema, akaondoka na birika lake.

Mke wangu alikuwa sakafuni, khanga imemfunika uso, anatetemeka kwa kicheko. Kutoka uani Afande alikuwa anaita, "Nini? Imesema nini?" Tangu siku hiyo mama mkwe anaongea nami moja kwa moja, ila ni kwa habari hiyo tu. Nikitaka chumvi, bado tunapitia kwa binti yake.

Madaktari walinipa njia. Kuna upasuaji wa kuitoa tezi yote, kuna mionzi, na vyote viwili vinaweza kumwachia mwanamume matatizo, ya mkojo na ya chumbani. Kwa saratani ndogo kama yangu kuna njia ya tatu: kuifuatilia kwa karibu, kupima damu kila baada ya miezi kadhaa na kuigusa pale tu itakapoonyesha dalili ya kusonga. Tulikaa na mke wangu tukachagua kufuatilia. Vipimo vilivyofuata vilitulia. Nilinenepa. Kiwandani nikawa msumbufu. Kila mwenye mvi maabara nilimwuliza amepimwa lini, mpaka wakawa wananiona kwa mbali na kubadili njia. Baadhi yao walikwenda, wakarudi wakinilaumu kwamba sikuwatajia mbuzi. Yupo bado, wanasema.

Mara ya mwisho PSA yangu ilipanda kidogo. Daktari wa Bwera alisema kupanda mara moja kunaweza kuwa si kitu, na kunaweza kuwa kitu. Turudie. Ikishuka, tutaendelea kufuatilia. Ikipanda tena, watachukua vipande upya, na huenda tukaacha kungoja tukaenda kwenye upasuaji.

Damu nimetoa mwanzoni mwa wiki hii. Leo asubuhi nilipiga simu, nesi akasema, "Papa, majibu haiyafika, piga kisha ya chakula." Chakula kimekwisha. Mke wangu ametoa sahani, amerudi, ameketi na mkono wake uko juu ya goti langu. Nimepiga. Simu ya nesi inatumika.